Miwani ya maandishi haitafanya kazi ya mwongozaji

Kila kampuni ya teknolojia inapozindua miwani inayoonyesha maandishi mbele ya macho ya mvaaji, habari ile ile huzunguka upya: sasa kiziwi ataketi ukumbini, atazame jukwaa, na maneno ya waigizaji yatapita mbele yake yanaposemwa. Zipo pia programu za simu zinazogeuza sauti kuwa maandishi kwa akili mnemba, na vikaragosi vya kompyuta vinavyoahidiwa kutafsiri maneno kwenda lugha ya alama. Habari hizi hupokelewa kwa furaha, na furaha hiyo ina sababu zake nitakazozieleza. Tatizo ni hitimisho linalofuata. Wenye kumbi, wafadhili, na hata baadhi ya wasanii wameanza kuzungumza kana kwamba suala la viziwi na michezo ya jukwaani limekwisha, kilichobaki ni kununua vifaa na kuvigawa mlangoni. Naona wamelielewa vibaya jambo lenyewe. Kumfikishia kiziwi mchezo wa jukwaani ni kazi ya uongozaji kabla ya kuwa kazi ya vifaa. Huamuliwa pale mwongozaji anapopanga nani asimame wapi, taa zizimwe lini, mwigizaji anyamaze kwa muda gani, na jicho la mtazamaji lielekezwe upande upi. Kifaa kinaweza kuusaidia uamuzi huo. Hakiwezi kuufanya.

Tuanze na watu wenyewe, kwa sababu mjadala huu huwazungumzia kama kundi moja. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 kuhusu usikivu ilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana kiwango fulani cha upungufu wa kusikia, na kati yao milioni 430 wanahitaji huduma kwa ajili ya hali hiyo. Shirikisho la Viziwi Duniani, kwa upande wake, linataja viziwi zaidi ya milioni 70 na lugha za alama zaidi ya 200. Umbali kati ya takwimu hizo unaeleza mengi. Wengi wa wale wanaohesabiwa katika mabilioni ni watu waliosikia maisha yao yote, kisha umri, kelele za kazini au maradhi yakapunguza usikivu wao kidogo kidogo. Mzee wa namna hiyo hajui alama hata moja. Lugha yake ni ile aliyoizungumza tangu utoto, na anachotaka ni sauti iliyo wazi, au maneno yale yale yaandikwe. Mweke mbele ya mkalimani wa lugha ya alama na hatapata chochote.

Yupo mwingine aliyezaliwa kiziwi, na lugha anayoota nayo ndotoni ni lugha ya alama. Kwake maandishi ni lugha ya pili. Wanaosikia wengi hulisahau hili, wakidhani kiziwi akishajua kusoma basi maandishi yanamtosha kama yanavyowatosha wao. Lugha ya alama si lugha ya kusemwa iliyohamishiwa mikononi. Ina sarufi yake, utani wake na ushairi wake. Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wanaozaliwa viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, na wengi wao hukutana na lugha wanayoweza kuipata kikamilifu wakiwa wamechelewa. Juu ya hilo ipo historia ya shule. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 uliazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa kusema na kusoma midomo, na lugha ya alama ikafukuzwa madarasani katika nchi nyingi kwa vizazi kadhaa. Ilichukua miaka 130, hadi mkutano wa Vancouver wa mwaka 2010, kwa taasisi iliyorithi mikutano ile kuyakataa rasmi maazimio hayo na kueleza majuto yake. Kwa mtu aliyetoka katika historia hiyo, kuambiwa kwamba maandishi yanatosha ni kuambiwa tena kwamba lugha yake haihitajiki.

Kati ya hao wawili wapo wengi: anayevaa shimesikio, kifaa kidogo cha sikioni cha kukuza sauti, na kusikia nusu, aliyepandikizwa kifaa cha kusikilizia ndani ya sikio, anayejua alama na maandishi kwa kiwango sawa, kiziwi asiyeona vizuri. Hakuna kifaa kimoja kinachowafaa wote. Jambo hili ni rahisi kulisema, na kila bajeti ya ukumbi inalisahau.

Kwa wanaosikia nusu, mtambo wenye manufaa makubwa zaidi hauna sura ya kisasa hata kidogo, na pengine ndiyo maana haumo katika habari. Ni waya unaozungushwa ukumbini, chini ya zulia au ukutani. Maikrofoni za jukwaani hupeleka sauti kwenye kikuza sauti, kikuza sauti hupeleka mkondo wa umeme kwenye waya, waya hutengeneza uga wa sumaku, na koili ndogo iliyo ndani ya shimesikio huupokea uga huo na kuugeuza kuwa sauti tena. Faida yake si ukubwa wa sauti. Shimesikio peke yake hukuza kila kitu: kikohozi cha jirani, feni, mwangwi wa ukuta, na mwisho kabisa mwigizaji aliye mita ishirini mbele. Waya huondoa umbali. Mwigizaji husikika kana kwamba yuko hatua moja mbele yako, na yale mengine hupungua. Lakini mtambo huu unahitaji mtu wa kuupima kabla ya onyesho, mhudumu anayejua kuwa upo, na maikrofoni zilizowekwa mahali zinapomnasa hata mwigizaji anayenong'ona akiwa ameupa ukumbi mgongo. Hilo la mwisho tayari ni swali la mwongozaji, si la fundi.

Sasa miwani. Kuna aina mbili za teknolojia zinazochanganywa kila mara, na mkanganyiko huo unawafanya wenye kumbi wauziwe mbuzi kwenye gunia. Aina ya kwanza ni ile iliyoanza kutumiwa na National Theatre ya London mwaka 2018. Pale maandishi huandaliwa kabla kutoka kwenye hati ya mchezo, yakaonyesha nani anasema na sauti gani inasikika, kisha programu hufuatilia onyesho kwa kusikiliza waigizaji na kwa kutegemea ishara za taa na sauti, ili kila mstari utokee kwa wakati wake. Kila neno linalosomwa limeshapita mikononi mwa mtu aliyeusoma mchezo na kuuelewa. Aina ya pili ni programu inayosikiliza na kubahatisha papo hapo. Hii inaweza kufaa mkutanoni, ambako watu husema kwa zamu na kwa maneno ya kawaida. Jukwaani inakutana na kila kitu kinachoishinda: waigizaji wawili wanaokatizana, wimbo, kilio, lahaja, majina ya kubuni, neno la kale, mlevi anayeburuta maneno. Ikikosea, mtazamaji hana njia ya kujua kama kosa ni la programu au ni mchezo wenyewe unaomtaka ashangae. Na hata isipokosea, huchelewa. Mzaha unaofika sekunde tatu baada ya ukumbi kucheka umeshakufa, na anayeusoma anabaki akijua kwamba wengine walicheka pamoja na yeye hakuwepo.

Tuseme maandishi yote ni sahihi na yanafika kwa wakati. Bado kuna jicho. Anayesikia hutazama na kusikiliza kwa pamoja, kwa milango miwili tofauti. Kiziwi ana mlango mmoja, na kila kitu lazima kipite hapo: maneno, uso wa mwigizaji, mkono unaoficha barua, mtu anayeingia polepole nyuma. Kila sekunde ya kusoma ni sekunde asiyoutazama uso. Miwani hupunguza safari ya jicho kwa kuyaleta maandishi karibu na uso huo, na hiyo ni nafuu ya kweli nisiyotaka kuibeza. Haiondoi ushindani wenyewe. Ubongo hausomi sentensi na wakati ule ule kuusoma uso wa mtu anayesaliti rafiki yake. Anayeweza kuumaliza ushindani huo ni mtu mmoja tu, yule anayepanga kwamba barua ichukuliwe baada ya sentensi kwisha, si katikati yake.

Niliwahi kukaa safu moja nyuma ya viziwi kadhaa katika onyesho lililotangazwa kuwa lina ukalimani. Mkalimani alikuwa hodari. Alisimamishwa chini ya jukwaa, pembeni kabisa kushoto, na karibu ugomvi wote wa familia ile ulichezwa kulia. Nikaona vichwa vikigeuka huku na huku kwa dakika arobaini. Kisha ikaja sehemu ya usiku, mwongozaji akazima taa zote, na binti akamwambia mama yake gizani jambo ambalo mchezo mzima ulikuwa ukilielekea. Mkalimani naye alimezwa na giza. Watu wale walikaa kimya, mikono mapajani, wakingoja mwanga urudi. Sidhani kama kuna mtu aliyewatendea ubaya kwa makusudi. Ila taa zilipopangwa, katika chumba kile hakukuwa na kiziwi, wala mtu aliyemfikiria. Asiyekuwepo na lake halipo.

Utetezi wa miwani una hoja moja nzito, na inastahili kupewa uzito wake. Maonyesho yenye mkalimani au yenye maandishi kwenye skrini mara nyingi huwa moja au mawili katika msimu mzima. Kiziwi analazimika kwenda siku aliyopangiwa, kuketi mahali alipopangiwa, na akiugua siku hiyo basi mchezo umempita. Anayesikia hawezi hata kuwaza maisha ya namna hiyo. Miwani na simu humrudishia kiziwi uhuru wa kuchagua siku, kuchagua kiti, kwenda na mpenzi wake Ijumaa kwa uamuzi wa ghafla. Kwa yule anayesoma vizuri na asiyetumia lugha ya alama, huu ni ukombozi, na ukumbi unaoweza kuwa na mtambo ulioandaliwa vizuri uwe nao kila siku. Lakini uhuru wa siku hautengenezi kitu cha kuona siku hiyo. Ukienda Ijumaa na kukuta kilele cha mchezo kinasemwa gizani kwa haraka huku watu watano wakipishana jukwaani, utakuwa umepata uhuru wa kuchagua siku ya kutoelewa.

Upande wa pili wapo wasanii wanaosema kwamba maandishi na mkalimani huharibu picha ya jukwaa, na kwamba mwongozaji ana haki ya kulinda alichokibuni. Hoja hii ni bora kuliko inavyosikika, maana skrini yenye maandishi mekundu iliyotundikwa siku ya mwisho huharibu kweli, na mkalimani aliyebandikwa pembeni huvuta macho bila kuongeza maana. Wanachokilalamikia, hata hivyo, ni matokeo ya kuchelewa. Tuliangalie lililotokea kwenye opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa. Mwaka 1983 Canadian Opera Company ya Toronto ilionyesha tafsiri ya maandishi juu ya jukwaa katika opera iliyoimbwa kwa Kijerumani. Wapo waongozaji na wapenzi wa opera waliouona mtindo huo kuwa uharibifu. Leo hii kumbi nyingi za opera duniani hazifunguliwi bila maandishi hayo, na wabunifu wa jukwaa huyatengea nafasi tangu mchoro wa kwanza. Yaliwekwa kwa ajili ya watu wanaosikia wasiojua Kijerumani au Kiitaliano. Hakuna aliyewaomba kwanza wathibitishe kuwa ni wengi vya kutosha.

Nimetaja wingi kwa sababu hoja dhaifu kuliko zote, na inayorudiwa kuliko zote, ni ile isemayo kwamba viziwi hawaji. Mkuu wa ukumbi husema walijaribu, wakalipa mkalimani, viti vikabaki vitupu, kwa hiyo mahitaji hayapo. Jaribio lenyewe mara nyingi lilikuwaje? Onyesho moja, Jumanne mchana. Tangazo la redio. Namba ya simu ya kukatia tiketi. Mhudumu wa mlangoni asiyejua hata salamu ya alama, na mchezo ambao hakuna kiziwi aliyeulizwa kama anataka kuuona. Mtu aliyeambiwa kwa miaka thelathini kwamba mahali fulani si pake hawezi kuanza kuja kwa mwaliko mmoja alioletewa kwa njia asiyoweza kuusikia. Tena hoja hii huwasahau kabisa wale wazee wenye usikivu hafifu, ambao walikuwa wakija kila msimu na sasa wameacha kimya kimya. Hakuna anayewahesabu kwa sababu hawakulalamika. Walianza kusema kwamba michezo ya siku hizi haieleweki, kisha wakabaki nyumbani.

Tunajua mambo yanaweza kwenda vinginevyo kwa sababu yamekwenda vinginevyo. National Theatre of the Deaf, kundi la maigizo la viziwi, lilianzishwa Marekani mwaka 1967. Mwaka 1980 Phyllis Frelich, mwigizaji kiziwi, alishinda Tony, tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani ya Marekani, kama mwigizaji bora wa kike wa tamthilia. Deaf West Theatre ya Los Angeles, iliyoanzishwa 1991, ilipeleka Broadway, kwenye kumbi maarufu za New York, mwaka 2015 toleo lake la Spring Awakening, mchezo wa nyimbo kuhusu vijana wa Ujerumani ya karne ya kumi na tisa wanaonyimwa maneno ya kuuliza wanayotaka kuyajua. Baadhi ya wahusika wakuu waliigizwa na viziwi kwa lugha ya alama, na waigizaji wengine waliimba sauti zao wakiwa papo hapo jukwaani. Uongozaji ule uliihusisha hadithi na kivuli cha ule mkutano wa Milan, kwa hiyo mwalimu anayemlazimisha mwanafunzi kiziwi kusema kwa mdomo akawa sehemu ya ukatili ambao mchezo tayari uliuzungumzia. Hakuna kitu kilichobandikwa. Kwa sababu waigizaji viziwi hawakuweza kuusikia muziki, walipewa ishara za taa na za kuguswa na wenzao, na kuguswa huko kukaingia katika lugha ya mwili ya onyesho zima.

Mwaka 2024 ukumbi wa Shakespeare's Globe wa London ulionyesha Antony and Cleopatra ambayo Wamisri walitumia lugha ya alama ya Uingereza na Warumi wakasema Kiingereza. Mchezo ule unahusu dola mbili zisizoelewana, na hapo lugha mbili zikabeba mgogoro wenyewe. Mtazamaji anayesikia naye alilazimika kusoma maandishi ili aielewe Misri. Alipewa saa chache za kuhisi jicho linavyogawanyika. Sisemi kila mchezo ufanywe hivi. Nisemacho ni kwamba katika kazi hizi zote swali la kiziwi liliulizwa siku ya kwanza, na kila mara jibu lake lilimpa mwongozaji kitu ambacho hakuwa nacho.

Nimeviacha vikaragosi vya kompyuta hadi hapa kwa sababu havihitaji maneno mengi. Mwaka 2018 Shirikisho la Viziwi Duniani na chama cha dunia cha wakalimani wa lugha ya alama walitoa tamko la pamoja kwamba vikaragosi hivyo vinaweza kufaa kwa taarifa zilizoandaliwa mapema zisizobadilika, na kwamba visichukue nafasi ya binadamu. Teknolojia imesonga tangu hapo, lakini sababu iliyo nyuma ya tamko hilo haijasonga. Katika lugha ya alama uso ni sarufi. Nyusi huuliza swali, mdomo hubadili ukubwa wa jambo, bega linalogeuka huonyesha kwamba sasa anasema mtu mwingine. Mkalimani mzuri wa jukwaani hukaa na hati kwa wiki kadhaa, huenda mazoezini, huamua jina la alama la kila mhusika, na hutafuta utani wa mikono utakaochekesha pale utani wa sauti ulipochekesha. Katika maonyesho yaliyofanywa kwa uangalifu, kazi hiyo husimamiwa na kiziwi anayeijua lugha kwa undani, mwenye mamlaka ya kumwambia mwongozaji kwamba alama hii haionekani kutoka viti vya pembeni.

Mamlaka hayo ndiyo yanayokosekana, na mjadala wa vifaa hauyagusi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 30, unazitaka nchi zihakikishe watu wenye ulemavu wanazifikia kumbi za sanaa zikiwemo za michezo ya kuigiza. Sehemu hiyo hunukuliwa sana, na ukumbi ulionunua miwani unaweza kujihesabu kuwa umeitimiza. Ibara hiyo hiyo inataka pia watu wenye ulemavu wapate nafasi ya kukuza vipaji vyao vya ubunifu, na inatambua lugha za alama na utamaduni wa viziwi. Kiziwi anayekaa kwenye kiti na kiziwi anayekaa kwenye meza ya mazoezi wametajwa katika ibara moja, na sioni wa kwanza akihudumiwa vizuri pasipo wa pili.

Kama hili ni kweli, pesa zinatakiwa zihame mahali. Leo ukalimani na maandishi hulipwa kutoka fungu la masoko au la huduma kwa wateja, baada ya mchezo kukamilika, na ndilo fungu la kwanza kukatwa. Zihamishiwe kwenye bajeti ya utengenezaji, pamoja na mavazi na taa. Anayefadhili asiulize maonyesho mangapi yatakuwa na mkalimani. Aulize ni lini mshauri kiziwi ataanza kazi, na akiambiwa ni wiki ya mwisho, arudishe fomu. Mwandishi wa maandishi apewe hati inayobadilika kadiri mazoezi yanavyobadilika, asiletewe ile ya mwezi uliopita. Mbunifu wa taa aketi na mkalimani kabla hajapanga giza, kwa maana giza la jukwaani karibu kila mara linaweza kuchezwa kwa mwanga hafifu wa buluu unaotosha kuonyesha mikono na uso. Waongozaji wengi wanaufahamu mwanga huo. Ndio wanaoutumia kila usiku ili mafundi wasijikwae wanapobadilisha samani.